Mkuki wa Mgiriki na Mkono Ulioushika

Mwalimu wa Kiswahili anayetaka kuwasimulia wanafunzi wake habari za vita vya Wagiriki wa kale hukutana mapema na taabu ya kitenzi. Wagiriki hao walipigana kwa mikuki. Hilo halina ubishi. Lakini lugha yetu haituachi tuishie hapo. Mkuki hutupwa, mkuki hurushwa, mtu huchomwa mkuki, na mtu hufumwa kwa mkuki. Na kila kitenzi katika hivyo humwekea msikilizaji picha nyingine ya mkono, ya bega na ya miguu. Kamusi nazo zinatutajia mkuki, tena fumo lenye bapa pana, tena sagai, kana kwamba wahenga wetu hawakuridhika na jina moja kwa silaha ambazo matumizi yake hayakuwa mamoja. Anayeandika kwamba watu fulani "walipigana kwa mikuki" amelikwepa swali. Anayeandika kwamba "walichomana mikuki" amekwisha kulijibu, hata kama hakujua kwamba aliulizwa.

Katika makala hii tunakusudia kulitazama swali lenyewe: askari wa miguu wa Kigiriki aliushikaje mkuki wake, na aliutumiaje alipokuwa uso kwa uso na adui? Waandishi wa Kigiriki wametuachia maelezo marefu ya vita, lakini juu ya jambo hili walinyamaza karibu kabisa. Sababu yake si ngumu kuiona. Waliwaandikia watu ambao wenyewe walikuwa wameushika mkuki, na hakuna mtu anayemweleza mpishi namna ya kushika mwiko. Kwa hiyo hatuna budi kukusanya ushahidi kutoka pande nyingine: katika picha walizozichora, katika vyuma vilivyofukuliwa ardhini, katika majaribio ya watu wa siku zetu, na katika maneno ya lugha yao, ambayo kwetu sisi walimu wa lugha ndiyo yaliyotuvutia zaidi.

Askari tunayemzungumzia aliitwa hoplita. Ndiye aliyekuwa nguzo ya majeshi ya miji ya Ugiriki tangu miaka ya 600 hivi kabla ya Kristo (K.K.) mpaka mwaka 338 K.K., Wamasedonia walipowashinda Waathene na Wathebe huko Chaeronea. Aghalabu hakuwa askari wa mshahara. Alikuwa mkulima mwenye shamba lake, aliyejinunulia silaha zake mwenyewe, akazitundika ukutani, na kuzishusha mji ulipomwita. Alivaa chapeo, dirii na mabamba ya miguuni kwa kadiri mfuko wake ulivyomruhusu. Lakini vitu viwili havikuweza kukosekana: ngao na mkuki.

Ngao tuieleze kwanza, maana mkuki haueleweki bila ya ngao. Ilikuwa ya mviringo, ya mti, iliyobonyea ndani kama bakuli, nayo mara nyingi ilifunikwa kwa bamba jembamba la bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati. Upana wake ulikuwa kama sentimita 90, na uzito wake kilo sita au saba, wakati mwingine zaidi. Haikushikwa kwa kiganja katikati kama ngao nyingi tunazozijua. Mkono wa kushoto ulipenyezwa katika pete pana iliyokuwa katikati ya ngao mpaka karibu na kiwiko, na vidole vikashika kamba iliyokuwa pembeni. Kwa namna hiyo uzito uligawanywa mkononi, na ukingo wa juu uliweza kuegemezwa begani. Hata hivyo ngao iliyofungwa hivyo haigeuki upesi, na sehemu yake moja hutokeza kushoto kupita mwili wa mwenyewe. Sehemu hiyo ilimfaa nani? Ilimfaa jirani wa kushoto. Thucydides, anapoeleza vita vya Mantinea vya mwaka 418 K.K., anasema kwamba kila jeshi liendapo vitani husogea kidogo kidogo upande wa kulia, kwa kuwa kila mtu kwa hofu huusogeza ubavu wake usio na kinga karibu na ngao ya mwenzake wa kulia. Sisi hatujapata kusoma sentensi ionyeshayo vizuri kuliko hiyo jinsi woga wa mtu mmoja mmoja unavyoweza kulipeleka jeshi zima upande.

Sasa mkuki. Kwa Kigiriki uliitwa doru, neno ambalo asili yake ni mti au boriti, na ambalo washairi walilitumia hata kwa chombo cha baharini. Urefu wake ulikuwa mita mbili hadi mbili na nusu, na uzito wake kati ya kilo moja na mbili. Mpini ulichongwa katika miti migumu yenye nyuzi zilizonyooka, unene wake ukikaribia sentimita mbili na nusu. Mbele palikuwa na kichwa cha chuma chenye umbo la jani. Nyuma, na hili ndilo lililoutenga mkuki huu na mingi mingine, palikuwa na ncha ya pili, aghalabu ya bronzi, iliyoitwa sauroter. Wengi hulifasiri jina hilo kuwa "mwua mijusi", na inaelekea lilikuwa la mzaha wa askari, maana ncha hiyo ilikitwa ardhini kila walipopumzika.

Ncha ya nyuma ilikuwa na kazi tatu. Ya kwanza ndiyo hiyo ya kuusimamisha mkuki ardhini ili mti usioze na chuma kisiingie kutu. Ya pili ilikuwa ni kuwa silaha ya akiba mkuki ukivunjika. Polybius anasimulia kwamba mwaka 207 K.K. Philopoemen alimpiga mtawala wa Sparta aliyeitwa Machanidas kwa mkuki, kisha akamwongeza pigo jingine kwa ncha ya nyuma. Ya tatu, ambayo mtazamaji wa jumba la makumbusho haioni kwa macho, ilikuwa uzani. Bronzi ile nzito iliuvuta uzito wa mkuki nyuma, na ikiwa mpini nao ulichongwa ukawa mwembamba kuelekea mbele, mahali pa kuushika ili ukae sawasawa palirudi nyuma ya katikati. Mshikaji alipata hivyo urefu zaidi mbele ya mkono wake, na urefu huo ndio uliokuwa tofauti ya kumfikia adui na kufikiwa naye.

Tumekuja kwenye mkono. Tunamwomba msomaji achukue mti wowote mrefu, hata ule wa ufagio wa kufagilia darasa, ausimamishe wima na kuufumbata kwa mkono wa kulia. Kidole gumba kitakuwa juu. Akiulaza mbele yake, usawa wa kiuno, kidole gumba kitaelekea kwenye ncha ya mbele, na mkono utachoma kwa kusukuma kama wa mtu anayechochea kuni jikoni. Huo tuuite mshiko wa chini. Sasa aupandishe mti huohuo juu ya bega bila kuuachia. Ataona kwamba kifundo cha mkono kinapinda na nguvu zinampotea. Ili apige kwa kushusha kutoka juu hana budi kuugeuza mkono, kidole gumba kielekee nyuma na kidole cha mwisho kielekee kwenye ncha, kama ashikavyo mchi mtu anayetwanga kwa mkono mmoja. Huo ndio mshiko wa juu. Mishiko hii miwili haigeukiani kwa hiari. Kati yake pana nukta ambapo mkono lazima uuachie mkuki. Katika sebule nukta hiyo si kitu. Mbele ya adui aliye umbali wa hatua nne ni jambo la kufa na kupona, na ndiyo maana wataalamu wamebishana juu yake kwa miaka mingi.

Tukizitazama picha, mshiko wa juu unaonekana kushinda. Mashuhuri kuliko zote ni ile iliyo katika mtungi mdogo wa Korintho uitwao Chigi, uliotengenezwa miaka ya 650 hadi 640 K.K. na kufukuliwa mwaka 1881 katika kaburi karibu na Veii, Italia. Siku hizi umo katika jumba la makumbusho la Villa Giulia, Roma. Kimo chake ni kama sentimita 26 tu, lakini mchoraji amewaweka humo askari wa pande mbili wakikaribiana safu kwa safu, ngao zimepandana, na katikati kijana mpiga zumari amekiinua kichwa akipuliza kwa nguvu zake zote ili waende hatua moja. Mikono ya kulia imeinuliwa juu ya mabega, nayo mikuki imeelekezwa mbele. Picha nyingine nyingi za karne zilizofuata zinarudia mkao huo, na hata wachongaji wa mawe waliupenda: umo katika nakshi za hazina ya watu wa Siphnos huko Delphi, iliyojengwa kama mwaka 525 K.K.

Lakini picha si shahidi anayepaswa kusadikiwa bila kuulizwa. Katika mtungi huohuo wa Chigi, pembeni, askari wengine wangali wakivaa silaha, na kando yao mikuki imesimamishwa ardhini miwili miwili, mmoja mrefu na mmoja mfupi, nayo imefungwa vitanzi vya kamba. Kitanzi cha namna hiyo ni cha kutia vidole wakati wa kurusha. Basi huenda wale walioinua mikono wamekusudia kurusha, si kuchoma! Katika tenzi za Homer mashujaa hurusha mkuki kwanza, na mara nyingi huwa na miwili. Na yamkini hoplita wa kwanza walikuwa bado hawajaiacha kabisa desturi hiyo. Isitoshe, mchoraji ana shida zake. Akimchora askari na mkuki wa chini, mpini utakatiza juu ya ngao aliyojitahidi kuipamba kwa simba au tai. Akiupandisha, ngao inabaki wazi na uso unaonekana. Walimu tuliopata kuwachorea watoto ubaoni tunajua kwamba si kila mstari unachorwa kwa ajili ya ukweli.

Hoja hizi ndizo alizozishika Christopher Matthew, mwanahistoria wa Australia, katika kitabu alichokitoa mwaka 2012. Yeye alidai kwamba silaha nyingi zinazoonekana zimeinuliwa katika michoro zimeshikwa katikati, na kwa hiyo ni mikuki ya kurusha. Hoplita aliye katika safu alishika chini, kwa kuwa mkono ulioinuliwa huchoka upesi, na kwa kuwa mshiko wa chini humpa ufikaji mrefu. Waliomtangulia walikuwa wamepima jambo jingine. Richard Gabriel na Karen Metz, katika kitabu chao cha mwaka 1991, waliarifu kwamba pigo la kutoka juu lina nguvu mara kadhaa kuliko pigo la kutoka chini. Majaribio haya yote yana faida, lakini nayo yana kasoro moja kubwa: aliyejaribu hakuwa na mtu wa kumwua mbele yake, wala watu saba nyuma yake wakimsukuma.

Tugeukie maneno yaliyoandikwa. Pana mahali ambapo Xenophon, aliyekuwa yeye mwenyewe akida wa askari hao katika safari ya kurudi kutoka Uajemi, anataja amri iliyotolewa kabla ya shambulio moja la mwaka 400 K.K. huko Bithynia. Askari waliambiwa waiweke mikuki juu ya bega la kulia mpaka tarumbeta ilie. Ikilia, waishushe kuielekeza mbele, wafuate kwa mwendo wa kutembea, na mtu asikimbie. Kitenzi alichokitumia ni cha kushusha. Kwa maoni yetu hapa msomaji hawezi kuona mkono ulioinuliwa juu ya kichwa. Anachokiona ni mkuki uliolazwa kutoka begani hadi ubavuni, ncha zote zikatengeneza ukuta mmoja. Ndivyo ilivyofaa kwa kukaribia adui, hasa adui mwenye moyo wa kukimbia. Na ni dhahiri kwamba mara nyingi kazi ilikwishia hapo. Mwaka 378 K.K., karibu na Thebes, Chabrias wa Athens aliwaamuru askari wake waziegemeze ngao magotini na kuisimamisha mikuki wima huku jeshi la mfalme Agesilaus wa Sparta likiwajia. Agesilaus aliwatazama watu hao waliosimama kana kwamba wanangoja tamasha, akalisimamisha jeshi lake. Hakuna aliyechomwa.

Lakini safu zilipogongana kweli, hali ilikuwa nyingine. Fikiria ngao za upana wa sentimita 90 zilizokaribiana hivi kwamba ukingo mmoja unaugusa mwingine. Mshiko wa chini sasa hauna nafasi. Mkuki ni lazima upite katika ufa kati ya ngao ya mtu na ya jirani yake, na ukisharudishwa nyuma kwa nguvu ncha ile ya bronzi inamkabili tumboni au mapajani rafiki aliyesimama safu ya pili. Mshiko wa juu unauvusha mkuki juu ya kingo za ngao, unauelekeza kwenye koo na uso wa adui, ambako chapeo imeacha matundu, na ncha ya nyuma inainuka juu ya vichwa vya walio nyuma. Aliye katika safu ya pili naye anaweza kuupitisha wake juu ya bega la mwenzake. Kwa hiyo sisi tunaelekea kuamini kwamba mabishano ya juu au chini yamewekwa vibaya. Mishiko yote miwili ilikuwako, nayo ilifuatana kwa wakati: chini katika kukaribia, juu katika kugongana, tena chini katika kumfukuza anayekimbia. Swali gumu linabaki ni lile la nukta ya kugeuza mkono. Waigizaji wa vita wa siku zetu wameonyesha kwamba inawezekana, mkuki ukisimamishwa wima na mpini ukategemezwa kwa vidole vya kushoto vilivyo ukingoni mwa ngao, huku mkono wa kulia ukiuachia na kuushika upya. Mtu mmoja hulifanya jambo hilo upesi. Kwamba watu mia waliokaribiana bega kwa bega walilifanya bila kugonganisha miti yao ni jambo linalotaka desturi ndefu au bahati njema.

Na mkuki haukudumu. Hapa Herodotus anatusaidia kuliko wachoraji wote. Anasema kwamba huko Thermopylae, mwaka 480 K.K., Waajemi walitaabika kwa sababu mikuki yao ilikuwa mifupi kuliko ya Wagiriki. Lakini siku ya mwisho mikuki ya wengi katika Wasparta ilikuwa imekwisha kuvunjika, wakawa wanaua kwa panga. Mwaka uliofuata, huko Plataea, anawataja Waajemi walioikamata mikuki ya Wagiriki kwa mikono yao na kuivunja. Habari hii fupi ina mengi. Mkuki unaoweza kukamatwa kwa mkono ni mkuki ambao haukurushwa. Umeshikiliwa, umenyooshwa mbele, na mwenye kuushika hawezi kuurudisha upesi. Waajemi hao hawakuwa waoga, na Herodotus hakusema kwamba walikuwa waoga. Walishindwa na zana na mpango. Mtu anayemkabili adui mwenye mti wa mita mbili na nusu, naye ana mkuki mfupi na ngao hafifu, ana njia moja tu iliyobaki, nayo ni kuudaka ule mti.

Je, basi, askari huyo mkulima alijifunza wapi kazi hii? Jibu linashangaza: katika miji mingi alijifunza kidogo mno. Plato ameliweka swali hili katika maandishi yake yaitwayo Laches, nayo ingefaa yasomwe na kila mwalimu, maana yanaanza na wazazi wanaouliza kama wawapeleke vijana wao kwa mwalimu wa kupigana kwa silaha. Majemadari wawili wanaombwa shauri. Nicias anayasifu mafunzo hayo, lakini anakiri kwamba faida yake kubwa ni pale safu zinapovunjika, mtu abakipo peke yake akifukuza au akifukuzwa. Laches anayadharau. Anasema kwamba walimu wa kazi hiyo wanapita mbali na Sparta, mahali ambapo vita vinajulikana kuliko kwingine kote, kisha anatoa kisa cha mmoja wao, Stesilaus, aliyekuwa askari wa merikebu. Stesilaus alijitengenezea silaha ya ajabu, mkuki uliotiwa mundu. Katika mapigano mundu ukanasa katika kamba za merikebu ya pili. Akavuta, haukutoka. Merikebu zikawa zinapitana, naye akakimbia sitahani ameushikilia mkuki wake, mpaka ukaanza kumponyoka mkononi akabaki ameshika ncha ya nyuma tu. Watu wa merikebu zote mbili walicheka. Mtu mmoja alipotupa jiwe miguuni pake, akauachia mkuki, nao ukabaki ukining'inia katika kamba za wenziwe.

Kisa hiki ni cha kuchekesha, lakini Laches hakukitoa kwa ajili ya kicheko. Mkuki wa hoplita haukuwa silaha ya ufundi wa mtu mmoja. Ubora wake ulikuwa katika kufanana na mkuki wa jirani, kwa urefu, kwa mwelekeo na kwa wakati. Mtu aliyeushika kwa namna yake mwenyewe, hata kama namna hiyo ilikuwa bora, aliwahatarisha wenzake zaidi ya adui. Ndiyo sababu Wasparta walikwenda vitani polepole kwa kufuata zumari, na Thucydides anaona haja ya kutueleza kwamba zumari hizo hazikupigwa kwa ajili ya ibada, bali ili hatua zilingane na safu isikatike.

Jambo hili, tunavyoona, limehifadhiwa katika lugha yao kuliko katika historia zao. Amri ya kugeuka kulia katika jeshi la Kigiriki haikutaja kulia. Askari aliambiwa ageuke "kwenye mkuki", na alipotakiwa kugeuka kushoto aliambiwa ageuke "kwenye ngao". Mwili wa mtu uligawanywa kwa silaha zake. Kiswahili kimeugawa mwili huo kwa njia nyingine: tuna mkono wa kulia, yaani wa kulia chakula, na wazee wetu walisema pia mkono wa kuume. Mkono wetu wa sahani ndio mkono wao wa mkuki. Kwa Mgiriki amri hiyo iliwezekana kwa sababu katika safu hapakuwa na mtu wa shoto. Aliyezaliwa wa shoto alilazimika kuushika mkuki kwa kulia kama wengine, la sivyo ngao mbili zingegongana na upande mmoja ungebaki wazi.

Neno jingine ni lile la mateka. Sisi tumelitoa katika kuteka, kitenzi kilekile cha kuteka maji. Wagiriki walisema aichmalotos, yaani aliyepatikana kwa ncha ya mkuki, kwani aichme ni ncha hiyo. Wasomaji wa Injili ya Luka katika Kigiriki hulikuta neno hilo katika sura ya nne, pale ambapo Biblia yetu ya Kiswahili imeweka "wafungwa". Mfasiri hakukosea; lakini mkuki uliokuwamo ndani ya neno umebaki upande wa pili wa mto. Mwanamke wa mji ulioshindwa, aliyegawiwa kwa askari pamoja na vyombo vya nyumba yake, aliitwa kwa jina hilohilo, ingawa yamkini hakuna ncha iliyomgusa. Mwalimu anayesoma habari za ushujaa wa hoplita darasani angefanya vyema kulitaja neno hili kabla kengele haijalia.

Mwisho wa mkuki huu haukuletwa na silaha ya namna nyingine, bali na urefu. Iphicrates wa Athens, katika miaka ya 370 K.K., aliwarefushia askari wake mkuki. Diodorus anasema kwa nusu ya urefu wa zamani, Nepos anasema maradufu. Kisha Philip wa Masedonia, aliyeanza kutawala mwaka 359 K.K., akawapa watu wake sarisa. Polybius, aliyeandika karne mbili baadaye, anaeleza kwamba sarisa ya wakati wake ilikuwa ya dhiraa 14, yaani zaidi ya mita sita, na kwamba mbele ya kila mtu wa safu ya kwanza zilitokeza ncha tano, yake na za wanne walio nyuma yake. Mti wa namna hiyo hauinuliki juu ya bega. Ulishikwa kwa mikono miwili, chini, ubavuni, na ngao ikapunguzwa ikaning'inizwa begani kwa ukanda. Ubishi wa juu au chini ulikwisha bila mtu kuuamua.

Amri lakini hazikubadilika. Asclepiodotus, aliyeandika kitabu cha mafunzo ya kijeshi katika karne ya kwanza K.K., bado anawageuza askari wa sarisa kulia kwa kuwaambia wageuke kwenye mkuki, na kushoto kwa kuwaambia wageuke kwenye ngao, ingawa mkuki wenyewe ulikuwa sasa katika mikono yao yote miwili.